Boti ya Ndugu Arnfinn

"Nikimleta mkaguzi itakuwa nimemwita Arnfinn mwizi," Sigbjørn alisema huku akipaka siagi kwenye mkate wake. "Tena mbele ya mke wake."

"Mimi sijasema mwizi," Gunnvor alijibu. "Nimesema mkaguzi. Mtu akinunua boti iliyotumika anamwita mkaguzi. Anagongagonga, anafungua injini, anasema alichokiona, anakwenda zake. Nani aliwahi kukasirika kwa hilo?"

"Hao wananunua kwa watu wasiowajua. Mimi nanunua kwa Arnfinn."

"Injini haijui kwamba ni ya Arnfinn."

Sigbjørn aliweka kisu mezani. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akikasirika alinyamaza, akatazama dirishani kana kwamba kuna mtu amemwita kutoka nje. Mkewe alimjua, akamwacha anyamaze.

Kisiwani kwao, huko magharibi mwa Norwei, watu wa nyumba ya maombi hawakukaguana. Wakiuziana shamba, gari au mashine ya kukatia nyasi, walipeana mkono, wakainamisha vichwa na kushukuru, na biashara ikaishia hapo. Kulikuwa na bwana mmoja aliyewahi kumleta mtu wa kupima unyevu katika nyumba aliyouziwa na mwenzake wa maombi. Nyumba ilikutwa kavu kabisa. Miaka ilipita, na bado yule bwana akija kwenye maombi ya Jumatano watu walimsogezea kikombe cha kahawa bila kumtazama usoni.

Na Arnfinn hakuwa mtu wa kawaida kwao. Ndiye aliyeongoza maombi. Sigbjørn alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la karakana ya meli akaumia mgongo, wenzake wa kazini walimtumia maua mara moja, basi. Arnfinn alikuja majira yote ya baridi. Aliondoa theluji mlangoni kwa koleo lake mwenyewe, akaleta samaki waliokwisha kusafishwa, akaketi kando ya kitanda na kuomba kwa sauti ya chini. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo.

"Zile pesa za banda la baba yako ni za mara moja tu," Gunnvor alisema. "Zikiisha, hatuna banda lingine la kuuza."

"Najua."

"Na wewe hujarudi kazini."

"Najua, Gunnvor. Kila kitu unachosema nakijua."

Mlango ulifunguliwa, akaingia Ragna, mtoto wao wa pekee mwenye miaka minane. Alikuwa amekwisha kuvaa jaketi la uokozi, kamba zimefungwa hadi kidevuni, ingawa kutoka hapo hadi gatini ulikuwa mwendo wa robo saa.

"Tunaondoka saa hizi?" aliuliza.

Wazazi walitazamana. Wote wawili walikumbuka jambo lile ambalo mwalimu alikuwa amewaambia kwa upole, akidhani ni la kuchekesha. Kila Jumatatu watoto darasani walisimulia walikoenda na boti mwishoni mwa wiki, na zamu ya Ragna ilipofika, alisema boti yao inapakwa rangi. Aliisema hivyo tangu mwezi wa nne wa mwaka uliopita hadi shule ilipofungwa.

"Saa hizi hizi," baba yake alijibu. "Kunywa maziwa kwanza."

Gunnvor aligeukia sinki, akashika ukingo wake. Alimwomba Mungu amwondolee hofu.

*

Mvua ilikuwa haijaanza. Boti ilikuwa majini tayari, imefungwa kwenye gati, nyeupe na safi, ina mistari ya buluu ubavuni. Ilikuwa boti ya familia hasa: nyuma kuna viti vya kuzunguka na meza ndogo, katikati usukani, na mbele chumba cha kulala cha watu watatu kama wakibanana. Turubai la kufunika sehemu ya nyuma lilikuwa limekunjwa vizuri kama shuka la hospitalini.

"Karibuni, karibuni!" Arnfinn aliita. Alikuwa mzee mnene mwenye sweta la sufu na mashavu mekundu. Mkewe Målfrid alisimama nyuma yake na kikapu cha chakula, mwembamba, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi. "Hata mtu wa milimani amekuja! Gunnvor, usiogope. Maji haya hayapigi pembe kama mbuzi wa kwenu."

Watu walicheka. Gunnvor alicheka pia. Alizaliwa bondeni, mbali na bahari, na kwa miaka kumi na mmoja aliyoishi kisiwani kila hofu yake ilijibiwa kwa utani huo huo wa mbuzi. Alikwishazoea. Ubaya wa kuzoea ni kwamba yeye mwenyewe alianza kuamini kuwa hofu zake zote ni za milimani.

Sigbjørn alikuwa amesoma jinsi ya kukagua boti, jioni nyingi, mgongo umeegemezwa mito. Alipita akigonga ubavu wa boti kwa vifundo vya vidole na kusikiliza. Penye ubovu, faiba ya boti hutoa sauti nzito. Hapa sauti ilikuwa kali na safi kila mahali. Alifungua sakafu, akamulika tochi, akaona maji kidogo tu. Alivuta kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Oili ilikuwa mpya.

"Mwanaume anajua anachofanya," Arnfinn alisema kwa fahari, kana kwamba Sigbjørn ni mwanawe.

Kisha Sigbjørn alifika kwenye kifuniko cha injini. Alikinyanyua nusu. Chini yake kulikuwa na giza, mipira na mabomba, na harufu ya petroli iliyokaa. Ilibidi apige magoti, alaze kifua, aingize kichwa na tochi, afuate ekzosi, bomba la kutolea moshi, kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, aguse kila kiungo. Ndivyo alivyosoma.

"Fungua tu, ndugu," Arnfinn alisema. "Fungua kabisa. Kaa humo hata mchana kutwa. Mimi mbele ya Mungu sina cha kuficha."

Sigbjørn alisimama hapo na kifuniko mkononi. Masikio yake yalikuwa mekundu. Akakirudisha taratibu, akakibonyeza mpaka komeo lake likalia.

"Inatosha," alisema. "Inaonekana nzuri."

Gunnvor aliona. Alitaka kusema kitu, lakini Målfrid alikuwa akimpa mkono apande, na Ragna alikuwa ameshatumbukia chumba cha mbele akipiga kelele kwamba kuna taa ndogo juu ya kila mto.

Gunnvor alimfuata. Chumba kilikuwa kimependeza: mapazia ya mistari, mito mipya, harufu ya sabuni. Aliinua macho. Kwenye dari, juu ya vitanda, palikuwa na duara jeupe kuliko sehemu nyingine, ukubwa wa kisahani, na matundu mawili ya skrubu.

"Hapa palikuwa na nini?" aliuliza.

Arnfinn aliinama mlangoni kutazama. "Ah, hicho. King'ora cha hewa mbaya. Kilikuwa kinalialia ovyo, hata tukichemsha kahawa. Vitu vya siku hizi, vinatengenezwa ili kutisha watu. Nikakitoa."

"Kilikuwa kinalia lini?"

"Kila mara! Ndiyo maana nikakitoa." Alicheka. "Utanunua kingine, bei rahisi tu. Cha muziki ukitaka."

Gunnvor alimtazama Målfrid. Mama yule alikuwa akipanga vikombe, na kimoja kiligonga kingine.

*

Walitoka taratibu, wakapita visiwa vidogo vilivyo mlangoni mwa bandari. Arnfinn alimpa Sigbjørn usukani, na Gunnvor alipouona uso wa mumewe, moyo wake ulilegea kidogo. Hakuwa amemwona mumewe akisimama wima hivyo tangu ajali. Målfrid aligawa lefse, mikate laini ya bapa, zilizopakwa siagi na sukari. Ragna alikula mbili, akamwaga sukari kwenye jaketi la uokozi, akauliza kama boti inaweza kufika visiwa vya Shetland.

"Ikiwa nahodha wake hana haraka ya kurudi shule," Arnfinn alijibu, na mtoto akacheka hadi akakohoa.

Walipogeuka kurudi, mvua ilianza. Arnfinn aliteremsha turubai na kufunga zipu pande zote, haraka, kwa mkono uliozoea. Ndani pakawa kama sebuleni. Upepo ulikuwa nyuma yao sasa, na Arnfinn alimwambia Sigbjørn apunguze mwendo.

"Usiikimbize. Sikiliza inavyopumua. Upepo ukiwa nyuma, hata maziwa hayamwagiki."

Ragna alisema anahisi baridi.

"Kajaribu kitanda," Arnfinn alimwambia. "Ni chako hicho. Jifunike lile blanketi kubwa."

"Naweza, mama?"

Gunnvor alisita. Hakujua anasita kwa nini. Kila mtu alikuwa akimtazama kwa tabasamu, na sababu hakuwa nayo. "Haya," alisema.

Målfrid aliketi pembeni. Alikuwa amefungua dirisha dogo la plastiki la turubai, na uso wake ulikuwa karibu sana na uwazi ule. Mvua ilimlowesha bega.

"Målfrid, funga," mumewe alisema. "Mito inalowa. Ni mito ya watu hiyo sasa."

"Nataka hewa kidogo."

"Hewa imejaa tele humu. Funga."

Akafunga nusu. Uso wake ulibaki pale pale, pua kwenye ufa.

Wanaume waliendelea kuzungumza: mahali pa kuiegesha wakati wa baridi, bima, nani anauza kamba nzuri. Kichwa cha Gunnvor kilianza kuuma juu ya macho. Ni hofu hii, alijisemea. Ni kuwa mtu wa milimani. Akafumba macho akaomba tena aondolewe hofu, na hofu haikuondoka. Ilikaa kifuani kama mtu aliyekataa kuinuka kwenye kiti.

"Mbona mtoto kimya?" Sigbjørn aliuliza bila kugeuka.

"Amelala," Arnfinn alijibu baada ya kuchungulia. "Ona alivyolala. Watoto wangu wote nimewalaza baharini. Ukitaka mtoto alale bila hadithi, mpe boti."

Sigbjørn akacheka. Kila mzazi wa kisiwa kile alikuwa akisema hivyo. Ilikuwa sifa ya kwanza ya boti nzuri kwamba watoto hulala ndani yake. Gunnvor alikuwa ameisikia kwa majirani, kwa wakwe, hata kwa muuguzi wa kliniki.

Dakika zikapita. Mvua ikapiga turubai. Kisha Målfrid akasema, bila kumtazama mtu, kwa sauti ya mtu anayeongea na maji:

"Mtoto amelala muda mrefu."

"Mwache apumzike," mumewe alisema.

Gunnvor aliugeukia uso wa Målfrid, na kwa mara ya kwanza aliuona vizuri. Kile hakikuwa kichefuchefu cha bahari. Ilikuwa hofu, ile ile aliyokuwa nayo yeye tangu asubuhi. Tofauti ni kwamba Målfrid alijua anaogopa nini.

Gunnvor aliinuka. Sakafu ikayumba, akajishika kwenye meza. Akateremka ngazi tatu kuingia chumba cha mbele.

"Ragna. Mwanangu, amka, tunakaribia."

Mtoto alikuwa amelala chali. Mashavu yake yalikuwa ya waridi, mazuri, kama ametoka kuteleza kwenye barafu. Gunnvor alimtikisa bega. Kichwa kiligeuka upande na kubaki huko. Akamtikisa tena, kwa nguvu. Jicho moja lilifunguka nusu, na ndani yake hapakuwa na mtu.

"Ragna! Ragna! Sigbjørn, haamki! Mtoto haamki!"

Alijaribu kumnyanyua, mikono yake mwenyewe ikakataa. Akaona giza pembeni mwa macho. Kisha mtu akamsukuma kando. Alikuwa Målfrid, mama mwembamba wa miaka zaidi ya sitini, akamshika mtoto makwapani na kumburuta kwenye ngazi, huku akipiga kelele ambayo hakuna mtu wa nyumba ya maombi aliyewahi kuisikia kutoka kwake.

"Zima injini! Arnfinn, zima! Fungueni turubai!"

"Ni kichefuchefu cha bahari tu," Arnfinn alisema. "Mtoto amekula sukari nyingi, akaja…"

"Zima!"

Akazima. Målfrid alivuta zipu, ikakwama, akaivuta tena hadi kitambaa kikachanika. Upepo na mvua vikaingia kwa pamoja. Wakamlaza mtoto kwenye ukingo wa nyuma, uso nje, maji ya mvua yakimtiririka mdomoni. Gunnvor aliweka sikio kwenye midomo yake. Palikuwa na pumzi. Ndogo, ya mbali, lakini ilikuwepo.

"Yesu wangu," alisema. "Yesu wangu, Yesu wangu." Ombi lake lote lilikuwa hilo.

Sigbjørn alikuwa ametoa simu. Kidole chake kilikuwa juu ya namba za dharura. Na hapo, mbele ya mtoto wake aliyelala kama kitambaa, aligeuka akamtazama Arnfinn.

"Subiri kidogo, ndugu," Arnfinn alisema. Sauti yake ilitetemeka, lakini ilikuwa bado sauti ya maombi, ya chini na ya upole. "Ona, macho yanacheza. Hewa hii itamwamsha. Tukiita chombo cha uokoaji, kisiwa kizima kitakuwa gatini. Tutamtisha mtoto bure. Tumwombee kwanza."

Kidole cha Sigbjørn kilisimama.

"Sigbjørn," Gunnvor alisema. Hakupaza sauti, hakuwa na nguvu ya kuipaza. "Piga."

Akapiga.

*

Chombo cha uokoaji kiliwafikia wakati Ragna ameanza kutapika. Wakamvisha kinyago cha oksijeni, wakamfunga blanketi, wakamchukua na mama yake. Helikopta ikawachukua kutoka bandari ya pili. Sigbjørn alifuata kwa gari la jirani, na njia nzima alikuwa na lefse moja mfukoni ambayo hakukumbuka kuiweka.

Hospitalini walimtoa mtoto damu, wakasema ni hewa ya sumu ya ekzosi, ile isiyo na rangi wala harufu. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya uchovu. Aliuliza alikaa humo muda gani. Kisha akawaambia, kwa maneno machache, kwamba kama wangemwacha alale hadi bandarini, mazungumzo yao yangekuwa mengine.

Gunnvor alikaa kando ya kitanda, naye akiwa na oksijeni yake puani. Alikumbuka alivyoomba asubuhi ile, na tena chini ya turubai, kwamba hofu imwondokee. Sasa alielewa kuwa aliomba jambo baya, na kwamba kunyimwa huko kulikuwa neema. Alimshukuru Mungu kwa kumnyima. Alishukuru mpaka machozi yakaingia ndani ya mpira wa oksijeni.

Siku ya pili Ragna aliomba sharubati, akalalamika kwamba kichwa kinauma, akauliza kama boti imeharibika. Alasiri Arnfinn alikuja, ameshika kofia mkononi na chokoleti kubwa ya maziwa. Målfrid alikuwa pamoja naye, ila hakuingia. Alibaki kwenye korido.

Arnfinn aliomba kwa muda mrefu. Alimshukuru Mungu kwa wema wake. Kisha akamvuta Sigbjørn dirishani.

"Fundi ameangalia," alisema. "Ni kiungo kimoja cha ekzosi, kimepasuka. Kitu kidogo sana. Nani angejua? Sasa nisikilize, ndugu yangu. Nitakupunguzia. Nusu ya bei tuliyopatana. Kiungo utabadilisha mwenyewe, wewe ni fundi. Na haya yaliyotokea, tusiyatembeze. Watu wa nje wakisikia wanafurahi, unawajua. Wanasema, ona hao wanaoomba sana."

Sigbjørn alitazama kofia ya mzee yule. Ilikuwa ile ile aliyoivaa akiondoa theluji.

"Nitafikiri," alisema.

Gunnvor alimsikia. Hakuweza kukaa chumba kimoja na neno lile. Akavua mpira puani, akatoka koridoni.

Målfrid alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Alimwona, akainuka nusu, akaketi tena.

"Mimi nilianguka kiangazi kilichopita," alisema mara moja, kabla hajaulizwa. "Humo humo, nikitandika. Nilijikuta nje, ananimwagia maji. King'ora kilikuwa kimelia. Alisema ni umri wangu, na kwamba king'ora ni kibovu. Nikasema sawa. Miaka arobaini na mitatu nasema sawa."

"Ulijua, ukamwacha mwanangu ashuke mle."

"Ndiyo."

"Ukafungua dirisha lako."

"Ndiyo," Målfrid alisema, na mikono yake ilibana mkoba. "Sikuombi unisamehe leo. Ninakuambia tu jingine. Jumamosi wanakuja watu kutoka mji wa Odda kuiona boti. Amewaahidi kuwauzia hao, ikiwa ninyi mtasita. Fundi hajaletwa. Hakuna aliyeigusa."

*

Kwa siku kadhaa waliishi nyumba moja kama wapangaji wasiojuana. Ragna alirudi, akalala mchana, akaamka akilia. Kila alipolala, Gunnvor alikuwa akiingia kumgusa pua.

Ijumaa Sigbjørn alisema, akiwa ameegemea friji: "Nikisema kitu, tumekwisha hapa. Unajua hilo? Nani atakuja tena? Nani atatusalimu? Wewe una kwenu bondeni. Mimi sina pengine."

"Najua."

"Aliniogesha, Gunnvor. Kabla hujapata likizo kazini. Aliniogesha kama mtoto, hakumwambia mtu."

"Sikujua hilo."

"Sasa unajua." Alifuta macho kwa mkono wa sweta. "Labda amebadilisha kile kiungo. Hatujui. Labda Målfrid amechanganyikiwa na hasira zake."

"Nenda ukaangalie basi. Kapige magoti, uingize kichwa. Hukufanya siku ile."

Lilikuwa neno kali, na alijua kuwa ni kali. Sigbjørn alichukua sahani moja iliyokuwa safi, akaiosha, akaipangusa, akairudisha kabatini.

Usiku huo Gunnvor hakumwombea mumewe ujasiri. Aliona haya kuomba kwa ajili ya mtu mwingine kitu ambacho yeye mwenyewe hakuwa nacho alipomwambia mtoto, haya, kalale. Alisema tu: wewe unamjua, Bwana. Akalala na mkono wake juu ya mgongo wa Sigbjørn, pale alipopasuliwa na kushonwa baada ya ajali.

*

Jumamosi kulikuwa na ukungu na baridi. Walimwacha Ragna kwa jirani. Walitembea hadi gatini, na walipokaribia walisikia injini ikiunguruma polepole. Arnfinn alikuwa ameiwasha mapema ipate moto. Turubai lilikuwa limeteremshwa pande zote kwa sababu ya baridi, na pale lilipochanika palishonwa kwa uzi mweupe.

Bwana mmoja kijana alikuwa amechuchumaa gatini, akigonga ubavu wa boti kwa vifundo vya vidole. Mke wake alisimama kando na kikombe cha kahawa.

"Sauti yake ni nzuri," kijana alisema.

"Gonga popote," Arnfinn alijibu. "Mbele ya Mungu…" Hapo akawaona. Uso wake ulishtuka, ukajipanga, ukatabasamu. "Tazama, ndugu Sigbjørn! Na dada Gunnvor! Hawa ni marafiki zangu wa karibu. Mtoto anaendeleaje, anakula?"

Sigbjørn alisimama. Gunnvor alitaka kumshika mkono, akajizuia.

"Mmekuja wawili tu?" Sigbjørn aliwauliza wageni. Sauti ilitoka nyembamba.

"Watatu," yule mama alijibu akitabasamu. "Mdogo wetu ameshahamia. Alichoka garini, mzee akamwonyesha kitanda. Amelala fofofo, hata buti hajavua."

Nyuma ya dirisha la plastiki palikuwa na ukungu tu.

Arnfinn alikuwa amekwisha kukanyaga gati, mikono imenyoshwa, akija kati yao. Alizungumza kwa sauti ile ya kando ya kitanda. "Ndugu yangu. Naona una uzito moyoni. Njoo hapa pembeni tuombe kwanza, sisi wawili, halafu tutaongea yote."

Sigbjørn alimtazama.

"Tutaomba baadaye," alisema. Kisha akamgeukia yule mama. "Mtoe mtoto humo."

Mama hakuuliza kwa nini. Kikombe kilianguka majini, naye alikuwa ameshapita turubai.